Chora mwenyewe: hewa ukaa na barafu ya bahari ya Aktiki

Anayetaka kujua kama kweli hewa ukaa inapunguza barafu ya Aktiki, mimi humpa kazi ya kuchora grafu moja. Takwimu ni za bure na lahajedwali yoyote inatosha.

Hatua ya 1: Hewa ukaa

Pakua kutoka NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, faili la wastani wa mwaka wa kituo cha Mauna Loa, Hawaii. Mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima hapo mwaka 1958, kiwango kikiwa karibu sehemu 315 kwa kila sehemu milioni za hewa. Sasa kimepita 420. Usichukue wastani wa mwezi. Hewa ukaa hupanda na kushuka mimea inapopukutika na kuchipua, na mawimbi hayo yatakuvurugia kazi.

Hatua ya 2: Barafu

Nenda NSIDC, kituo cha Marekani kinachotunza takwimu za theluji na barafu. Chukua faili la Septemba la kaskazini, kuanzia 1979. Huo ndio mwezi ambao barafu huwa imebaki kidogo kuliko wakati wowote.

Utakuta safu mbili za vipimo. Ya kwanza huhesabu kila kipande cha bahari ambacho angalau asilimia 15 yake imefunikwa. Ya pili hujumlisha barafu yenyewe tu. Tumia ya kwanza. Kiangazi, maji hutuama juu ya barafu na setilaiti huyaona kama bahari iliyo wazi, kwa hiyo safu ya pili hupunja.

Hatua ya 3: Chora

Hewa ukaa iwe kwenye mhimili wa mlalo, barafu kwenye wima. Mwaka 1979 utakaa juu kushoto: karibu sehemu 337 kwa milioni, na barafu karibu kilomita za mraba milioni 7. Kutoka hapo nukta zinateremka kuelekea kulia.

Nukta ya 2012 itakushtua, maana iko chini ya milioni 3.6, ya 2013 imerudi juu ya milioni 5. Dhoruba ya Agosti 2012 iliivunjavunja barafu ambayo tayari ilikuwa nyembamba. Hadi 2024 rekodi hiyo ilikuwa haijavunjwa, na wapo wanaodai kwamba barafu imeacha kupungua. Waonyeshe grafu nzima: tangu 2007 hakuna Septemba hata moja iliyorudi kwenye viwango vya miaka ya 1980.

Hatua ya 4: Tafuta sababu

Grafu peke yake haithibitishi chanzo. Hewa ukaa hunasa joto linalotoka duniani na kurudisha sehemu yake chini. Barafu ikizidiwa na joto hilo, ukingo wake hurudi nyuma kuelekea Ncha ya Kaskazini, kwenye jua hafifu zaidi. Bahari iliyofunuliwa nayo huongeza kasi ya kuyeyuka: barafu yenye theluji huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, maji matupu chini ya 10.

Mwaka 2016 wanasayansi Dirk Notz na Julienne Stroeve waliweka kwenye mhimili wa mlalo jumla ya hewa ukaa yote iliyotolewa na binadamu. Nukta zikanyooka: kila tani huondoa takriban mita 3 za mraba za barafu ya Septemba. Kwangu hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote, kwa sababu tani unaweza kuifuatilia hadi kwenye kiwanda au ndege iliyoitoa.

Hatua ya 5: Rudia kwa Antaktiki

Hapa mstari hautatii. Barafu ya kusini iliongezeka kidogo kidogo hadi rekodi ya Septemba 2014, kisha ikaporomoka. Februari 2023, mwishoni mwa kiangazi cha kusini, ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8. Inalizunguka bara, na pepo pamoja na maji ya kina huiendesha kwa namna isiyofanana na kaskazini. Usiifiche grafu hii wala usiichanganye na ile ya kwanza. Iweke peke yake, na uandike chini yake kwamba kiwango cha hewa ukaa pekee hakitoshi kuieleza.