Gazeti Limeshapigwa Filamu? Usilitupe Bado

Wakutubi wenzangu huniuliza: tuhifadhi magazeti ya karatasi au mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa zake kwenye utepe wa filamu? Vyote viwili, ila anza na karatasi. Filamu ni nakala. Karatasi za gazeti la Ngurumo za miaka ya 1960, au za Mambo Leo zenye mashairi ya Shaaban Robert, ndizo zenyewe.

Gazeti hugeuka kahawia kwa sababu karatasi yake hutokana na mti uliosagwa pamoja na lignini yake, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti. Mwanga, joto na tindikali huikausha mpaka inakatika ukiikunja. Kwa hiyo liondoe dirishani leo hii. Toa pini na klipu, maana hewa ya pwani huzitia kutu upesi. Futa vumbi kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Lilaze kwenye boksi lisilo na tindikali, kwenye rafu iliyoachana na sakafu na ukuta. Usilifunge kwa kamba. Kamba hukata kingo.

Selotepu, kamwe! Gundi yake huingia ndani ya karatasi na doa halitoki. Palipochanika, pachika karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano. Kama ukurasa haushikwi mara kwa mara, uache ulivyo.

Kabla ya kupiga filamu, panga matoleo kwa tarehe na uazime yaliyokosekana kutoka maktaba nyingine. Pengo likiingia kwenye filamu, litaingia kwenye kila nakala yake. Usikubali mijalada, yaani magazeti yaliyoshonwa pamoja kama kitabu, ikatwe mgongo ili kazi iende haraka. Filamu ikirudi, keti na gazeti ulilinganishe ukurasa kwa ukurasa: tafuta ulioruka, uliofifia, na safu iliyomezwa na mshono. Kazi hii inachosha, lakini haina njia ya mkato.

Negativu kuu, yaani filamu ya kwanza inayotolewa nakala, isiingie kamwe kwenye mashine ya kusomea. Wasomaji wapewe nakala. Filamu ya poliesta yenye fedha hukadiriwa kudumu miaka 500, lakini ikiwa mahali pa baridi na pakavu. Dar es Salaam, chumba kinachozimwa kiyoyozi kila jioni hakitoshi: unyevu huotesha ukungu kwenye jelatini, tabaka la filamu linalobeba picha. Negativu kuu ipeleke kwenye jengo jingine lenye ubaridi usiokatika. Filamu za zamani za asetati, plastiki iliyotumika kabla ya poliesta, zinuse. Zikitoa harufu ya siki, zitenge siku hiyohiyo, kwani mvuke wake huharibu za jirani.

Mkubwa wako akisema rafu zimejaa, mweleze yaliyotokea mwaka 1999. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilikuwa ikiondoa mijalada ya magazeti ya Marekani, yakiwemo matoleo ya New York World yenye michoro ya rangi, ambayo filamu ya nyeusi na nyeupe haiwezi kuionyesha. Mwandishi Nicholson Baker aliunda shirika la kuyanunua, na mwaka 2004 yakahamia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani.

Sisi tusingoje mnunuzi. Andika kwenye katalogi matoleo uliyo nayo kwa karatasi, kwa tarehe, na uyatangaze kwa maktaba nyingine kabla hujatoa hata moja.