Kabati la chini ya ngazi, halina mlango na limekaa upande: lipange hivi

Ukipanga chumba kwenye nyumba ya ghorofa hapa Dar unaweza kukutana na hii kitu, kuna uwazi chini ya ngazi, upande mmoja mtu anasimama wima, upande wa pili hata mtoto anapiga magoti, mlango hakuna, afu mwenye nyumba anakwambia "na kabati lipo". Watu wanakimbilia kununua ile shelfu ya plastiki wanaitumbukiza katikati, na ile pembetatu ya pembeni inageuka kaburi la viatu na mabegi ya shangazi kaja. Usinunue kitu kwanza. Hiyo sehemu haitakaa iwe na pembe nne, kwahiyo wewe ndo uifuate inavyoinama.

Toa kila kitu, fagia, afu shika ukuta kwa kiganja. Ukiona una ubaridi wa maji au rangi inamwaga unga mweupe jua kuna unyevu, labda bafu liko upande wa pili, basi hapo kila kitu kikae mbali na ukuta kama vidole vitatu hivi hewa ipite, na mbao za MDF (zile za nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) usiweke kabisa, zikinywa maji zinavimba na hazirudi. Mbao za kawaida au plastiki.

Sasa chukua futikamba. Pima urefu sehemu tatu, palipo juu, katikati na pale pafupi, afu pima kina, nacho sehemu mbili mana kuta zetu hizi mnazijua. Ukimaliza pima nguo zako, hapa ndo wengi wanaruka. Hanga ya mtu mzima ina kama sentimita 45 hivi, kwahiyo ukitaka nguo zining'inie kwa ubavu kama kwenye kabati la kawaida unahitaji kina cha sentimita 55 mpaka 60. Kama hupati hicho kina wala usihangaike, geuza bomba la kutundikia hanga, lilaze kutoka ukuta wa nyuma kuja mbele, nguo zitakutazama usoni, unapoteza kidogo lakini kila kitu unakiona.

Urefu nao: kanzu, dera, baibui na magauni marefu wape bomba la sentimita 150 hivi kutoka chini, hao wanakaa palipo juu. Mashati na blauzi bomba la mita moja au zaidi kidogo linatosha, hao wanafuata katikati. Yaani unaweka mabomba mawili mafupi ya urefu tofauti. Kuna watu wanainamisha bomba moja lifuate ngazi, jamani, hanga zote zitateleza zirundikane huko chini.

Kufunga, drili na plagi za plastiki na skurubu, misumari ya zege inabomoa plasta afu mwenye nyumba anakukata hela siku ya kuhama. Na usitoboe ngazi yenyewe kwa chini, kule kuna zege na nondo na ndo imebeba watu wanaopita juu. Kama umekatazwa kutoboa kabisa, fundi seremala akutengenezee fremu ya mbao za mbili kwa mbili inayosimama yenyewe.

Ile pembe fupi iwekee boksi la plaiwudi lenye magurudumu na kamba mbele ya kuvutia. Shelfu hapo hazifai, mana cha nyuma hutakifikia bila kutambaa. Weka blanketi, shuka za wageni, vitu vya mara mojamoja. Kanga na vitenge vikunje uvisimamishe kwenye beseni vionekane vyote kwa juu, ukivilaza utakuwa unavaa zile mbili za juu mwaka mzima.

Mlango ni pazia. Lifunge juu kabisa kwenye bomba lililonyooka upana wote, pazia likishuka hata mgeni hajui kama kuna mteremko, ila ule waya wa springi achana nao, unalegea katikati. Liishie juu kidogo ya sakafu, lisifagie vumbi na hewa ipite. Masika huku pwani ukungu unapenda sana viatu vya ngozi na mikanda, weka mkaa kwenye kopo lililotobolewa, na karafuu kwenye kitambaa katikati ya nguo harufu yake ni nzuri kuliko naftalini, ambayo mtoto akidhani pipi ni balaa. Taa ya betri inatosha, bulbu ya waya karibu na nguo hapana.

Na kama mita ya LUKU au meni switchi iko humo humo ndani, sehemu hiyo iache wazi, usining'inize chochote mbele yake wala kurundika maboksi chini yake, umeme ukileta shida usiku uifikie kwa mkono mmoja.