Miksi ya laivu ukianza kuitilia shaka

Ukiunga miksi ya rekodi za laivu, yaani nyimbo za jukwaani zilizoshonwa mfululizo, ikifika saa sita usiku kila kitu kinasikika kibaya: besi inavuma, mwimbaji yuko mbali na maiki, kuna jamaa anapiga mluzi. Usifute kitu. Lala, kesho isikilize kwa spika ya simu tu, ukiwa kwenye foleni ya magari ya Mbagala, Dar. Pale unapojikuta unatikisa kichwa kufuata mdundo, hapo usiguse.

Na kelele za ukumbini ndizo gundi yako. Dansi la bendi kongwe za Dar kama Msondo na Sikinde huenda likichemka kuelekea mwisho. Acha ngoma iishe, makofi yapande, kisha chini yake ingiza gitaa la wimbo unaofuata. Sekunde nne tano zinatosha. Zikizidi, msikilizaji anajua umekwama.