Kukadiria umri wa marehemu kwa mifupa ilivyoungana, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikaa na dogo mmoja wa chuo hapa Moshi, tulikuwa na mifupa iliyotoka kwenye msingi wa nyumba, akakwama palepale nilipowahi kukwama mimi. Basi naandika.

1. Mifupa ikitokea usiiguse, ita mwenyekiti wa mtaa na polisi. Ukishakabidhiwa kazi, udongo wote upite kwenye chekeche, maana vile vipande vya mwisho wa mfupa wa mtoto, tunaviita kofia, vingine havizidi ukucha. Udongo wa migombani ukilowa unang'ang'ania, acha ukauke kivulini halafu tumia mswaki laini. Bombani hapana!

2. Jinsia. Wasichana mifupa yao inawahi kuungana kama miaka miwili hivi. Kama hujui jinsia, na kwa mtoto mifupa yenyewe haikuambii vizuri, beba makadirio ya wote wawili.

3. Hapa ndipo penye kazi. Mfupa wa mtoto una kofia mwishoni, na kati ya kofia na mfupa kuna gegedu. Akikomaa kofia inaungana na mfupa, ila akifa bado anakua gegedu linaoza, kofia inaachia. Sasa mfupa uliovunjika ardhini nao unakosa kofia, na ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilikuta mkono wa juu hauna kichwa cha begani nikaandika "haujaungana", yaani chini ya miaka 20, halafu mtulinga (ule mfupa wa kutoka begani hadi kifuani) wa mtu huyohuyo upande wa kidari umeungana wote, mtu mzima kabisa! Nikarudia vipimo, nikadhani tumechanganya watu wawili. Kumbe kichwa kilimeguka tu. Ambao haujaungana uso wake una vimatuta na mifereji kama mawimbi madogo, na ukingo umeviringika, laini. Uliovunjika unaona matundutundu ya sponji, ukingo mkali. Washa tochi uilaze pembeni ya mfupa, usimulike kutoka juu, taa ya dari inafuta vile vimatuta vyote. Mimi tochi ndogo naiamini kuliko mashine ya bei mbaya. Ila mfupa ukisagika sana hata mifereji inafutika, hapo andika "haisomeki" uende mfupa mwingine. Na kamstari kembamba kalikobakia sio mwanya, kovu hilo linaweza kukaa miaka mingi baada ya kuungana.

4. Mpangilio wa kuungana, kwa miaka: kiwiko kinatangulia, wasichana 11 hadi 15, wavulana 12 hadi 17. Paja upande wa goti wasichana 14 hadi 18, wavulana 16 hadi 20. Ukingo wa nyonga 17 hadi 23 hivi. Mtulinga upande wa kidari ndio wa mwisho, unakamilika miaka ya ishirini na kitu, wengine hadi 30.

5. Usiandike umri mmoja, andika kuanzia na mpaka. Jedwali nyingi za umri huu zimetoka kwa watu wa nje, ile ya watafiti McKern na Stewart ya 1957 ni wanajeshi wa Marekani waliokufa Korea, wanaume watupu, na mtoto aliyekula vibaya mifupa yake inachelewa. Hapa kwetu chini ya 18 ni mtoto kisheria, kwahiyo ukikosea unamkosea mtoto wa watu na wazazi wanaomtafuta.

Ya dogo ilikuwa hivi: kiwiko kimeshaungana, paja gotini nusu limeungana nusu bado, nyonga na mtulinga viko wazi. Tukaandika 14 hadi 20, jinsia haijulikani.