Kuutambua na Kuutibu Ugonjwa wa Ménière: Mwongozo kwa Wakazi wa Kigoma

Mtu akiangushwa na kizunguzungu hapa Kigoma, kwanza hudhaniwa malaria au presha, na ni sawa kuyapima yote mawili. Lakini vipimo visipoonyesha kitu na kizunguzungu kikaendelea kurudi, sikio la ndani lichunguzwe kabla mgonjwa hajaongezewa dawa ya malaria, hasa kwinini, ambayo yenyewe huweza kuleta mvumo masikioni na kupunguza usikivu.

Ugonjwa wa Ménière, uliopewa jina la daktari wa Paris aliyeeleza mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hii hutoka sikioni, huambatana na kuzidi kwa majimaji ya sikio la ndani. Andika daftarini kila shambulio limedumu muda gani, na ni sikio lipi lililovuma, kuziba au kupungua kusikia. Muda ni muhimu mno: kizunguzungu cha sekunde chache mtu anapojigeuza kitandani mara nyingi husababishwa na chembe za chokaa zilizohama ndani ya sikio, ilhali cha Ménière hudumu dakika 20 hadi saa 12, nacho kiwe kimetokea angalau mara mbili. Daftari peke yake halitoshi. Kipimo cha usikivu lazima kithibitishe upungufu katika sikio hilo, hasa kwa sauti nzito. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo kupitia hospitali ya mkoa, Maweni, na ikibidi hospitali ya Bugando, Mwanza. Uso ukipinda, ulimi ukiwa mzito au mguu ukilegea, huenda ni kiharusi: wahi hospitali papo hapo.

Shambulio likianza, mgonjwa alale na kukazia macho kitu kimoja. Prometazini hutuliza kichefuchefu, ila itumike kwa siku chache tu.

Baada ya hapo kazi kubwa iko jikoni. Katika mkoa wenye chumvi ya Uvinza na samaki wakavu, si rahisi kumwambia mtu apunguze chumvi, lakini naona ndipo pa kuanzia, kwa kuwa hakuna gharama wala madhara. Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya samaki. Samaki wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe. Betahistini, dawa ya kupunguza mashambulizi, huandikwa sana, ingawa utafiti haujathibitisha nguvu yake. Mashambulizi yasipokoma, bingwa huchoma sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) kupitia ngoma ya sikio, na mwishowe ya gentamisini, ambayo hudhoofisha sehemu ya sikio la ndani inayoupa mwili mizani na huweza kuondoa usikivu uliobaki.

Mvuvi wa dagaa na mkwezi wa michikichi wasirudi ziwani wala juu ya mti mpaka daktari awaruhusu.