Kabla Sabuni na Hereni Hazijapanda Ndege Kwenda Ulaya

Oda ya kwanza kutoka Ujerumani au Uholanzi huja na haraka zake. Watu hukimbilia maboksi, stika na nauli ya mzigo. Usalama wa bidhaa hukumbukwa pale mnunuzi anapoomba nyaraka, wakati sabuni zimeshakatwa na hereni zimeshafungwa. Hapo umeshachelewa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika siku ya kununua malighafi, si siku ya kubandika lebo.

Tangu Desemba 13, 2024, Umoja wa Ulaya unatumia Kanuni ya Jumla ya Usalama wa Bidhaa, namba 2023/988. Inagusa karibu kila kitu anachouziwa mlaji ambacho si chakula wala dawa, na haimwachi nje mjasiriamali mdogo. Hata kile unachogawa bure kwa ajili ya biashara kinahesabika.

Kwanza jua bidhaa yako iko kundi gani. Kikapu, kinyago, hereni na mkoba viko chini ya kanuni hiyo ya jumla pamoja na masharti ya kemikali. Sabuni ya kuogea na mafuta ya kujipaka ni vipodozi, navyo vina kanuni yao ya mwaka 2009, ngumu zaidi. Vitu vya kuchezea watoto vina sheria yao na lazima viwe na alama ya CE, inayoonyesha kuwa bidhaa imekidhi masharti ya Umoja wa Ulaya. Viungo vya chakula vina njia yao nyingine kabisa, na sitavigusa hapa. Wapo wanaobandika CE kwenye kila kitu, hata mkeka, wakidhani inapandisha hadhi. Ni kosa: alama hiyo huwekwa pale tu sheria ya bidhaa husika inapoidai. Alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, nayo, pamoja na faida zake nyumbani, haichukui nafasi ya masharti ya huko.

Mtego mkubwa ni mdoli wa kitenge. Fundi amemjaza pamba, macho ni shanga mbili, na kwenye lebo kaandika kuwa ni pambo, si la mtoto. Maandishi hayo hayamwokoi. Mdoli laini wa kukumbatia huhesabiwa kuwa wa mtoto wa chini ya miaka 3, na kwa umri huo hakiruhusiwi kitu kidogo kinachoweza kung'oka kikamkaba koo. Macho yatariziwe kwa uzi, na mishono iwe ya kuhimili kuvutwa, maana maabara watamvuta kweli.

Sasa tuje kwenye sabuni ya mwani ya Zanzibar yenye mafuta ya karafuu. Wengi hudhani kitu cha asili hakina maswali. Mafuta ya karafuu yamejaa eugenoli, ambayo imo kwenye orodha ya viambato vinavyoweza kuleta mzio. Ikizidi asilimia 0.01 kwenye bidhaa ya kuogea na kusuuza, au asilimia 0.001 kwenye ile ya kupaka na kuiacha mwilini, lazima itajwe kwenye lebo kwa jina lake. Huwezi kujua kiasi hicho kama mafuta umeyanunua kwenye chupa isiyo na karatasi yoyote. Mwombe muuzaji cheti cha uchambuzi, na asipokuwa nacho tafuta mwingine, hata kama bei yake iko juu kidogo. Baada ya hapo inatakiwa ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu mwenye sifa zinazotambuliwa Ulaya, na taarifa za bidhaa ziingizwe kwenye mfumo wao wa vipodozi kabla haijauzwa. Kila fomula inahitaji ripoti yake, na ni gharama. Kwa hiyo anayeanza na harufu kumi anajitafutia matatizo, mbili zinatosha kabisa. Usiandike pia kuwa sabuni inatibu chunusi au ukurutu, maana dai la tiba linaitoa kwenye vipodozi na kuipeleka kwenye dawa, na huko hutakuweza.

Kwa hereni, shanga mara nyingi si tatizo, tatizo ni chuma. Nikeli inayotoka kwenye kulabu ya kupita kwenye tundu la sikio isifikie mikrogramu 0.2 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Madini ya risasi kwenye mapambo yana ukomo wa asilimia 0.05, kadimi asilimia 0.01. Kulabu ulizonunua Kariakoo mwezi huu zinaweza kutoka kiwanda tofauti na za mwezi uliopita ingawa pakiti ni ileile. Nunua nyingi kwa mkupuo, peleka sampuli zikapimwe, kisha tumia hizo hizo hadi ziishe. Ngozi iulizwe imetengenezwa vipi, kwa sababu kromu ya aina ya VI haitakiwi kufikia miligramu 3 kwa kilo. Na katambuga, ambazo watalii wanazipenda sana, ningezifikiria mara mbili: mpira wa matairi ya zamani unaweza kuwa na kemikali za hidrokaboni za kundi la PAH, ambazo kwa vitu vinavyogusa ngozi zimewekewa ukomo wa miligramu 1 tu kwa kilo.

Unapochagua maabara, usiulize tu kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Uliza kama ithibati hiyo inahusu kipimo hicho hasa unachokihitaji.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni faili la kila bidhaa: picha, vipimo, malighafi na zilikonunuliwa, risiti, vyeti, matokeo ya maabara, na maelezo ya hatari ulizozifikiria. Kwa kikapu ukurasa mmoja unatosha. Mshikio unaweza kukatika? Rangi inatoka kikilowa? Kuna waya umechomoza? Andika na ulivyoshughulikia. Faili hutunzwa miaka 10. Sabuni zilizomiminwa pamoja zipewe namba moja, na namba hiyo ionekane kwenye kila kipande.

Halafu lazima awepo mtu au kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya anayewajibika kwa bidhaa yako. Ukimuuzia mwagizaji wa huko, kwa kawaida ni yeye. Ukiuza moja kwa moja kwa wateja mtandaoni, utahitaji wakala uliyempa mamlaka kwa maandishi. Wapo wanaoandika anwani ya shangazi aliyeko Hamburg ili mambo yaende. Shangazi hana habari kwamba barua ya mamlaka za usalama wa bidhaa ikija, yeye ndiye wa kutoa nyaraka na kushirikiana nao. Mwambie kwanza, mpe nakala za faili, au lipia wakala wa kazi hiyo. Jina la huyo anayewajibika na anwani yake, ya posta na ya barua pepe, viwe kwenye bidhaa au kifungashio, pamoja na vyako. Kwenye tangazo la mtandaoni viwepo pia, na picha ya bidhaa, na tahadhari kwa lugha ya nchi unayouzia: Kijerumani kwa Ujerumani, Kifaransa kwa Ufaransa.

Uingereza ina kanuni zake, isipokuwa Ireland ya Kaskazini inayofuata hii ya Ulaya.

Kabla mzigo haujaondoka, kubalianeni kwa maandishi nani anafanya nini mteja akidhurika. Ajali iliyoleta madhara makubwa inatakiwa kuripotiwa bila kuchelewa, na bidhaa ikiitwa irudishwe kwa sababu ni hatari, mteja ana haki ya kuchagua angalau kati ya mawili: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Gharama hizo za nani, wewe au mwagizaji? Mkataba wenu useme.