GMT toa tatu, unapata saa ya Kiswahili

Kwa wenzangu wa Ngamiani na Chumbageni, hapa Tanga, mnaosubiri habari za dunia redioni kila jioni: ratiba ya idhaa ya kimataifa ikiandikwa kwa GMT, yaani saa ya Greenwich, Uingereza (au UTC, ni ileile), toa tatu tu, basi. Kipindi cha 15:30 kinabaki 12:30, yaani saa kumi na mbili na nusu, magharibi hiyo. Cha 18:00 kinabaki 15. Ikifika kumi na tatu au zaidi unatoa kumi na mbili nyingine, saa tatu usiku. Cha alfajiri, mfano 02:00, ongeza kwanza kumi na mbili ndipo utoe: saa kumi na moja. Inakubali kwa sababu Tanzania iko mbele ya GMT kwa saa tatu, na saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa 06:00. Unaongeza tatu, unatoa sita.

Inagoma ratiba ikiwa kwa saa za London. Huko saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katikati ya hapo toa nne. Ukitoa tatu utawasha redio umechelewa saa nzima, na mahojiano mazuri ya utamaduni yameshapita, inauma kweli. Saa za Berlin na Paris toa nne majira ya baridi, tano majira ya joto. Ikiandikwa 18:30 Afrika Mashariki, toa sita.